Na nani?

(Mazungumzo kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, Arusha, katika wiki ya Siku ya Haki za Binadamu. Nimeyaandika upya mwenyewe kutokana na nilivyosema, nikapunguza utani na kuongeza tarehe.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Mwenyekiti wetu amefungua kikao kwa maneno mliyoyazoea: "Itifaki imezingatiwa." Nimekaa pale mbele nikajiuliza, imezingatiwa na nani? Mimi sikumwona. Nilichoona ni Mwenyekiti kusimama, kutazama safu ya kwanza, kugundua kwamba majina ya kutaja ni mengi na chai inapoa, kisha akatamka kwamba itifaki imezingatiwa. Yaani mwenye kazi hiyo ni yeye, kazi hakuifanya, na sentensi yake inatwambia imekwisha. Asinikasirikie, ni rafiki yangu, na mimi ningekuwa pale ningefanya vilevile. Ila nimemshukuru kimoyomoyo, maana amenipa bure mfano wa jambo nililokuja kulisema.

Nimefanya ukalimani zaidi ya miaka 20. Mnakaa wawili kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, vipokea sauti masikioni. Mmoja anasema kama nusu saa, halafu mnapokezana. Anayepumzika hapumziki kweli: anamwandikia mwenzake tarakimu na majina kwenye karatasi, kwa sababu hivyo ndivyo huponyoka kwanza. Siku moja, kwenye mkutano ambao sitautaja, kiongozi wa nchi ambayo nayo sitaitaja alikuwa akieleza kwa Kiingereza yaliyowapata watu waliokamatwa na askari wake. Kwanza akasema nchi yake inaheshimu haki za binadamu kwa dhati. Halafu akaingia kwenye ile sentensi mashuhuri ya wanasiasa wa Kiingereza, ya kwamba palikuwa na makosa, bila kumtaja mkosaji. Nikaitoa haraka: "Makosa yalifanywa..." Nikakwama. Ulimi wangu ulikuwa unasubiri "na". Ukishasema "yalifanywa", sikio la Mswahili linamsubiri mtu. Mwenzangu akanisukumia karatasi. Nikadhani ni tarakimu. Kumbe ameandika maneno mawili: Na nani?

Nikajirekebisha: "Makosa yalifanyika." Ikapita. Hotuba ikaendelea, watu wakapiga makofi, tukaenda kula. Wakati nakula ndipo nikatambua nilichokifanya. Nilikuwa nimemtoa yule bwana ukumbini. Kwa herufi chache tu mwishoni mwa kitenzi nilikuwa nimefuta askari wote.

Mliosoma Kiswahili sekondari mnakumbuka kauli za kitenzi. Wengi wenu mlizikariri kwa ajili ya mtihani na mkazisahau siku hiyohiyo. Basi leo zina kazi. Mtoto akivunja kikombe, haji kwa mama yake kusema "nimekivunja." Wala hasemi "kimevunjwa", maana anajua swali litakalofuata. Anasimama mlangoni, mikono nyuma, anasema: "Mama, kikombe kimevunjika." Hajafundishwa na mtu. Ana miaka minne na tayari anajua kwamba kauli ya kutendwa ina kiti kitupu cha kukaliwa na mtenda, na kauli ya kutendeka haina kiti kabisa. Huwezi kusema "kimevunjika na Juma." Lugha yenyewe inakukatalia. Na mama naye hana haja na kikombe. Anauliza: "Nani?"

Sasa nendeni mkasome taarifa za serikali zetu za Afrika Mashariki baada ya maandamano kuzimwa. Mtakuta maisha yalipotea. Damu ilimwagika. Hali ya utulivu ilivurugika. Kisha, aya moja mbele, mtakuta maduka yalichomwa na wahuni, na mali za umma ziliharibiwa na wasioitakia mema nchi yetu. Mmeona? Duka lina aliyelichoma. Mtu hana aliyemuua. Maisha yamepotea yenyewe, kama funguo. Sisemi kila mwandishi wa taarifa anakaa usiku kupanga hilo. Wengi wanaiga taarifa ya mwaka uliopita. Lakini ninyi mnaokwenda kuyaandika haya magazetini msiyanakili hivyo yalivyo. Mkilazimika kunakili, basi funga nukuu, ieleweke kwamba kauli ni ya msemaji.

Nataka nikae kidogo kwenye wiki moja ya mwaka 2023, kwa sababu sijawahi kupata somo zuri kuliko lile.

Tarehe 31 Oktoba 2023, jioni, Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Nairobi kwenye dhifa ya kitaifa. Alizungumzia yaliyotendeka wakati wa Mau Mau. Alisema kulikuwa na vitendo vya ukatili vya kuchukiza, visivyokubalika, vilivyofanywa dhidi ya Wakenya waliokuwa wakipigania uhuru, na kwamba kwa hayo hapawezi kuwa na udhuru. Alisema ana huzuni kubwa na majuto makubwa. Siku ya pili yake, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, mbele ya wajukuu na vitukuu vya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Akasema, kwa Kiswahili changu: naomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wahenga wenu hapa.

Kitazameni hicho kitenzi: waliwatendea. Kichwani kuna "wa", ni Wajerumani. Katikati kuna "wa" nyingine, ni wahenga wa watu waliokaa mbele yake. Mkiani kuna ile "ea" ya kumfanyia mtu jambo likampata. Na mwanzo wa sentensi kuna "na" ya nafsi ya kwanza: naomba. Hakuna kiti kitupu hata kimoja. Sasa rudini Nairobi. Vitendo vilifanywa dhidi ya Wakenya. Waliotendwa wapo, na hilo si dogo. Mtenda kiti chake kiko wazi, ingawa ukumbi mzima ulijua ni nani.

Halafu kuna jambo ambalo Kiingereza na Kijerumani haziwezi kutwambia, ila Kiswahili kinaweza. Mtu akifiwa tunamwambia pole. Akijikwaa, pole. Akitoka safari, pole. Ni neno la mtu aliye kando, anayeona mzigo wa mwenzake na kumsikitikia. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala halafu ukamwambia "pole" na kunyamaza, atakugeukia: kwani nimeumizwa na nani? Hapo panatakiwa samahani, au niwie radhi. Baadaye ukiongeza pole, sawa. Nikiyapima maneno ya wakuu wale wawili kwa mizani ya nyumbani, wa Nairobi alisema pole, pole kubwa, ya moyoni pengine. Wa Songea alisema nisamehe.

Tuwe waadilifu. Mfalme wa Uingereza hasemi ya kwake; huzungumza kwa ushauri wa mawaziri wake, na serikali ile inajua kwamba neno la kuomba radhi linaweza kufika mahakamani likiwa na mawakili nyuma yake. Miaka 10 kabla, tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisimama bungeni London akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 waliokuwa wameishitaki serikali. Alikiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni. Akasema serikali inasikitika kwa dhati kwamba vitendo hivyo vilitokea. Vilitokea, kama mvua. Na katika kauli hiyohiyo akasema serikali inaendelea kukana kuwajibika kisheria. Kwa hiyo pesa zilitoka, mateso yalikubaliwa, wazee wale wakalia kwa furaha na uchungu, na bado mlango wa sheria ukabaki umefungwa. Mtu aliyeiandika taarifa ile alikuwa fundi. Nami kama mkalimani namvulia kofia, ingawa sitaki anialike chakula.

Na Steinmeier? Kitenzi chake kilikuwa kamili, lakini hotuba ile haikuahidi fidia. Aliahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea, ambalo ukoo wake wanaamini lilipelekwa Ujerumani. Makadirio ya waliokufa katika vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata yanafika watu 300,000. Kwa hiyo msiondoke hapa mkidhani nimesema sarufi nzuri ni haki iliyotendeka. Nimesema tu kwamba sarufi inakuonyesha pa kuanzia kuuliza.

Turudi kwetu, maana ni rahisi mno kuwacheka Wazungu.

Hapa Arusha mwaka 1967 lilipitishwa Azimio. Linaanza na imani: kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba kila mtu anastahili heshima. Na mwanachama wa TANU alikuwa na ahadi zake. Baba yangu alikuwa akizikariri akinyoa ndevu, kioo kimening'inizwa kwenye mwembe. "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Utoto wangu wote nilidhani ni sala. Sikilizeni vichwa vya vitenzi: sitatumia, nitasema. Mimi. Ukiivunja, aliyeivunja ana jina na anwani, na mkewe anamsikia kila asubuhi.

Lakini chama hichohicho, chenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chote nilichopata kukisikia kwenye siasa, kilikuwa kimeipokea nchi yenye katiba ya uhuru isiyo na orodha ya haki za raia. Mwaka 1962 Bunge likapitisha sheria ya kuweka watu kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumpeleka mahakamani. Tume ya Jaji Nyalali, ile iliyokusanya maoni kuhusu chama kimoja au vyama vingi, ilipokuja kutoa ripoti miaka 30 baadaye, sheria ile ilikuwa kwenye orodha yake ya sheria 40 kandamizi. Nawaambia hivi nikiwa mtu ninayempenda Mwalimu. Kauli iliyonyooka inaweza kukaa nyumba moja na kufuli.

Haki za raia ziliingia kwenye Katiba yetu mwaka 1984. Ziliingia, ila mahakama zikazuiwa kuzishughulikia kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988, ili serikali ipate muda wa kutengeneza sheria zake. Yaani ulikuwa na haki, iko kwenye maandishi, na hakimu anaiona, lakini haruhusiwi kuigusa. Kwa muda mrefu Ibara ya 18, ya uhuru wa maoni, ambayo ninyi ndiyo mtakula kwayo, ilianza hivi: "Bila ya kuathiri sheria za nchi, kila mtu yuko huru..." Maneno sita yanakuja kabla ya "kila mtu." Unafungua mlango, unakuta mlinzi ametangulia kukaa kwenye kochi. Mwaka 2005 maneno hayo yaliondolewa hapo, na sasa ibara inaanza moja kwa moja na mtu. Lilikuwa jambo jema, ingawa Ibara ya 30 bado ipo na imebeba mipaka ya haki zote. Nenda ukazisome hizo mbili pamoja, uone mikono inavyopeana na kunyang'anyana.

Majirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya 2010, waliandika kwamba mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Ukikamatwa mwisho wa wiki kuna nafasi ya kusubiri siku ya kazi inayofuata, sawa. Lakini pana tarakimu. Kama nilivyowaambia, tarakimu ndiyo mkalimani huiandika kwenye karatasi kwanza, kwa kuwa haina kisawe. "Mapema iwezekanavyo" naweza kuitafsiri kwa namna saba. Saa 24 ni saa 24 kwa lugha zote.

Wanasiasa wetu wa sasa wana kitenzi wanachokipenda kuliko vyote: kuhakikisha. "Serikali itahakikisha haki za kila mwananchi zinalindwa." Neno lenyewe ni zuri. Haki na hakika ni ndugu, mzizi wao ni mmoja wa Kiarabu, kwa hiyo kuhakikisha haki ni kama kuita jina la familia mara mbili. Na Mswahili akiapa husema haki ya Mungu. Ila angalieni linavyofanya kazi. "Serikali itahakikisha kila mwananchi anapata huduma." Anayepata ni nani? Mwananchi. Kazi ya kupata amepewa yeye. Serikali imesimama pembeni, inahakikisha. Linganisheni na "serikali itampa". Hii ya pili siku hizi ni nadra kama shilingi ya shaba.

Niruhusuni nipindie kidogo. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48 bila ya kupingwa, nchi nane zikijizuia, wajumbe walikuwa wamebishana sana kuhusu ibara ya kwanza. Brazil walitaka Mungu atajwe. Rasimu ilikuwa na neno la maumbile. Mwishowe wakaondoa yote mawili: watu wamepewa akili na dhamiri, na aliyewapa asitajwe, ili kila mtu akubaliane. Kisha akaja mfasiri wa Kiswahili akaandika: "Wote wamejaliwa akili na dhamiri." Wamejaliwa! Tafuteni Mswahili yeyote mumwulize kujaliwa kunatoka kwa nani. Mungu aliyetolewa kwa mlango wa mbele huko Paris akarudi kwa mlango wa uani. Hiyo ndiyo kauli ya kutendwa pekee ninayoijua ambayo haiulizwi na nani. Basi.

Jambo la mwisho ni lugha yenyewe inayochaguliwa. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni Nairobi akaomba radhi kwa niaba yake, ya serikali yake na ya serikali zote zilizotangulia, kwa makosa yote ya zamani, na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa miaka mitatu. Kichwa kipo, tarakimu ipo. Mimi niliisikiliza nikasema, huyu amejifunga. Miaka mitatu ilikwisha, na walioahidiwa waliendelea kuuulizia mfuko. Lakini kilichonikaa zaidi ni kwamba radhi ile iliombwa kwa Kiingereza, na wengi wa walioombwa ni wazee wa Wajir, wa Mlima Elgon, wa pwani, waliohitaji mtu wa kuwatafsiria kwamba wameombwa radhi.

Mei 2025, Rais William Ruto, kwenye hafla ya maombi ya kitaifa Nairobi, aliwageukia vijana ambao wenzao walikuwa wameuawa kwenye maandamano ya mwaka uliotangulia, akasema kama kuna mahali tumekosea, tunaomba radhi. Kwa Kiingereza. Hiyo "kama" nayo ni ya kuitazama: huombi radhi kwa kosa, unaomba kwa uwezekano wa kosa. Wiki sita baadaye, Julai, alisema kwa Kiswahili kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, wasimuue, apitie hospitali akienda kortini. Hiyo haikuhitaji mkalimani. Ilifika Kisumu na Mombasa kabla hajashuka jukwaani. Sisemi ni kanuni, na hapa kwetu tunaofanya siasa kwa Kiswahili tangu asubuhi mpaka usiku hatuna la kujivunia. Ila ukikaa kibandani miaka 20 unaanza kuona haki zikipita kwa lugha moja na vitisho kwa nyingine, na unajua ni ipi mtu wa sokoni ataisikia bila kukuhitaji.

Nimalizie kwa kikao kimoja. Kilikuwa cha hadhara, wilayani, chini ya mti, mambo yote kwa Kiswahili, kwa hiyo sikuwa na kazi. Nilifuatana tu na wageni. Mama mmoja alisimama akaeleza kwamba mwanawe alichukuliwa usiku na watu waliokuja na gari, na tangu siku hiyo hajaambiwa yuko wapi. Alikuwa amebeba viatu vya huyo kijana kwenye mfuko wa plastiki, sijui kwa nini, labda kwa sababu aliondoka peku. Ofisa akamsikiliza vizuri, sikumwona na kiburi. Akasema: "Mama, pole sana. Suala lako linafanyiwa kazi."

Mama akauliza: "Chumba kipi?"

Watu wakacheka. Ofisa naye akatabasamu, akadhani hakumwelewa, akarudia taratibu kwamba linafanyiwa kazi, mama, linafanyiwa kazi. Yule mama akasema ameelewa, ni kwamba anataka kujua linafanyiwa kazi chumba kipi, na nani, ili aende akakae pale mlangoni mpaka huyo mtu atoke. Hakukuwa na jibu. Akaketi, akaupakata ule mfuko.

Naonyeshwa karatasi kwamba muda umekwisha. Anayenionyesha ni Mwenyekiti, yule pale mwenye tai nyekundu.